Vidole vya Golikipa

Mume wangu, kama wanaume wengi wa mtaa wetu wa Chang'ombe, Dodoma, ana timu yake kubwa ya Dar es Salaam. Mimi sina timu. Nina golikipa.

Nilimwona mara ya kwanza kwa sababu ya jezi. Mimi ni fundi cherehani, na timu moja ya daraja la chini hapa Dodoma ilinipa kazi ya kushona namba mgongoni. Nilichelewa kumaliza, ikabidi niwapelekee uwanjani siku ya mechi. Nikaona nikae kidogo, jua lipungue. Ilikuwa miezi ile ya upepo, vumbi limetanda, na golini alisimama kijana mrefu mwembamba ambaye sikumtilia maanani, mpaka mshambuliaji mmoja alipopiga kichwa kwa karibu, mpira ukaelekea pembeni kabisa ya goli. Watu walikwisha kuanza kushangilia. Yule kijana akaruka, akaupangua kwa ncha za vidole, akaangukia kwenye changarawe, kisha akasimama na kuwaonyesha mabeki wake mahali pa kukaa, kana kwamba hakuna lililotokea. Nilirudi nyumbani mwili ukinisisimka. Nilipomsimulia mume wangu, aliuliza ni timu gani. Nikamtajia. Akacheka.

Msimu uliofuata kijana aliondoka. Nikasikia yuko Tabora, halafu Shinyanga, halafu Singida. Baadhi ya timu zake zilishuka daraja, moja ilivunjika kabisa. Aliwahi kufika ligi kuu, akakaa benchi msimu mzima, akarudi chini. Nilimfuata kwa redio, huku nashona, ingawa redio haimsaidii sana anayefuatilia golikipa. Mtangazaji humtaja akifungwa tu. Nikisikia mechi imeisha bila kwa bila, nilikuwa natabasamu peke yangu. Wateja wangu waliotoka mikoa hiyo niliwauliza habari zake, na wengi hawakumjua.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Kondoa kwa wakwe zangu, na njiani tukasimama Chemba, ilikuwa siku ya mnada. Nikasikia kipaza sauti kikitangaza mechi ya kombe la wilaya, na katika majina ya wachezaji nikasikia la kwake. Nikamwambia mume wangu hatuondoki. Akanung'unika, lakini akanifuata.

Ndevu zake zilikuwa na mvi. Kabla ya mchezo kuanza mbuzi walifukuzwa uwanjani. Kipindi cha pili wapinzani wakapata penalti. Akaipangua, mpira ukarudi kwa mpigaji, akapiga tena kwa nguvu, naye akauzuia tena kwa mkono uleule. Kisha nikamwona amepiga magoti. Alivua glavu, akakishika kidole kilichotenguka, akakivuta mwenyewe. Akaomba kitambaa, akakifunga kidole hicho pamoja na cha pembeni yake, akavaa glavu, akarudi mstarini. Mume wangu akasogea mbele, akatazama mpaka filimbi ya mwisho.

Tukaenda kumsalimu.

"Shikamoo mama," akasema.

Nikaitika, nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeshona namba za jezi yake ya kwanza, nikamkumbusha kile kichwa cha karibu, pembeni kabisa.

"Mechi ile sikuwahi kupata mtu wa kuikumbuka naye," akasema.

Nilimpa mkono, akanipa ule usioumia, na kiganja changu kikahisi kitu cha ajabu. Vidole vyake havikulala sawa hata kimoja. Aliona nimeshtuka, akaviinua, akanionyesha bila kujisifu: hiki kilivunjika Tabora, hiki Shinyanga, hiki kidogo hapa nyumbani Dodoma. Nilisimama mbele ya mkono ule kama mtu aliye mbele ya mlima.

Mume wangu ndiye aliyeuliza, kwa upole ambao sikuutarajia, kwa nini hakuacha mapema.

"Kila mahali waliniita kwa msimu mmoja tu, mzee," akajibu. "Nami nikakubali msimu mmoja tu. Ndivyo miaka ilivyokwenda."

Sasa anachezea timu ndogo ya Zuzu, karibu na kwetu, na sisi wote wawili huenda kumwangalia. Jumamosi iliyopita alifungwa mawili. La pili lilikuwa kosa lake, mpira ulimteleza mikononi, na vijana waliokaa nyuma yetu wakamzomea, wakamwambia akalee wajukuu. Mume wangu aligeuka akawakemea. Mimi nilikuwa namtazama golikipa wangu. Aliutoa mpira wavuni, akaurusha katikati ya uwanja, akapiga makofi kuwaamsha wenzake, akainama kidogo, mikono mbele, akiungoja unaofuata. Nikasimama ili nimwone vizuri.