Mguu wa Mninga

Mjomba wangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya kuumwa na nyoka shambani kwake Mkunya, kwenye mikorosho. Alikuwa mchongaji, basi akajichongea mguu wa mninga, akaufunga kwa mikanda ya ngozi, akarudi kulima. Mimi, mwalimu mpya mjini Masasi, niliona haya kwa mlio wa mguu huo sakafuni kila aliponitembelea. Nikampeleka hospitali, akapewa mguu wa plastiki. Siku tuliyorudi kwake, majirani wakiwa bado wanampongeza uani, niliupasua ule wa mti nikautia motoni, asije akaurudia.

Wiki ya pili mguu mpya ulimchubua hadi akapata kidonda.

"Mpwa wangu, mguu wangu wa mti uko wapi?"

"Umeliwa na mchwa, mjomba."

Alinitazama kwa upole. "Mchwa hawali mninga."

Hakuuliza tena. Alianza kuchonga mwingine, lakini mikono ilikuwa imeshazeeka. Msimu mzima wa korosho alijiburuta kutoka mkekani hadi mlangoni. Nilimpelekea dawa na sukari. Ukweli sikumwambia, na mwaka jana tulimzika.