Shaba ya Profesa Ferista

Ferista Nzowa alizaliwa Iyula, katika nyumba iliyozungukwa na mibuni pande tatu. Baba yake alipulizia kahawa maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya dukani, kuzuia ugonjwa wa chulebuni, na kazi ya Ferista ilikuwa kumchotea maji ya kuchanganyia. Akiwa darasa la sita alimpelekea mwalimu panga lililosahaulika ndani ya ndoo ya mrututu na kutoka limevaa rangi nyekundu. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo nyekundu ni shaba, na kwamba ilikuwa ndani ya yale maji ya buluu muda wote. Zaidi ya hapo hakujua. Ferista aliifuata shaba hiyo sekondari, akaifuata chuo kikuu Dar es Salaam, akaifuata mpaka Afrika Kusini. Aliporudi na shahada ya uzamivu, kaka yake Samwel, aliyebaki shambani, alichinja mbuzi wawili.

Kazi aliyoichagua ilikuwa kutafuta dawa za saratani zinazotokana na madini. Hospitalini tayari kuna dripu inayotengenezwa kwa platini. Ina nguvu, lakini inaumiza figo na kumtapisha mgonjwa mpaka anaomba afe. Ferista alitaka shaba ifanye kazi hiyo kwa upole zaidi. Kwa miaka kumi na miwili alitengeneza michanganyiko arobaini na mmoja. Umeme ulikatika wikiendi moja, seli zote alizozitunza kwenye friji zikafa, akaanza upya. Wanafunzi wake walihitimu wakaondoka, akafundisha wengine. Mchanganyiko wa ishirini na saba, ukiwekwa kwenye kisahani cha maabara, uliua seli za saratani ndani ya siku mbili. Uliua na seli zenye afya pia, ila kwa upungufu kidogo. Katika huo upungufu ndimo alimoweka matumaini yake yote, na ndio uliompa uprofesa.

Krismasi ya mwaka aliopata uprofesa alikwenda nyumbani, na redio moja ya Tunduma ikamwomba mahojiano. Alieleza kwa nusu saa, kwa uangalifu, kwamba bado ni kazi ya kisahani, kwamba hata panya hawajajaribiwa. Kilichokuja kuzunguka kwenye simu za watu hakikufika dakika moja. Ilikuwa sauti yake ikisema, "Shaba inaua seli za saratani, tumeiona kwa macho yetu." Alipoisikia alikasirika, akawapigia watu wa redio, wakaomba radhi. Akarudi Dar akidhani yamekwisha.

Wakati huo Rozi, mke wa Samwel, alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa amekwenda Mbeya mara mbili kuwekewa ile dripu ya platini. Kila aliporudi alilala wiki nzima, hata harufu ya ugali hakuivumilia. Safari ya tatu iliposogea alimwambia mumewe kwamba haendi. Kama wifi yake ana dawa, alisema, kwa nini yeye aendelee kuteswa na dawa ya watu wengine?

Mwezi wa pili Samwel alipiga simu. Ferista alikuwa mlangoni mwa chumba cha mkutano, mafaili mkononi. Kaka akamsalimu, akauliza watoto, kisha akauliza kama ile shaba ya kwenye redio ndiyo shaba iliyomo kwenye mrututu.

"Shaba ni ile ile, kaka," alisema Ferista, "ila..." Mkuu wa idara akamwita ndani. "Nitakupigia."

Hakupiga. Mkutano ulikwisha jioni, palikuwa na mitihani ya kusahihisha, na swali lenyewe alilichukulia kama udadisi wa mkulima. Ilipita wiki moja, ikaingia ya pili.

Simu iliyofuata ilitoka kwa Imelda, binti wa Samwel. Mama yake alikuwa amelazwa, anatapika maji ya kijani, macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekata. Ferista aliuliza amekula nini. Imelda akasema kwamba baba amekuwa akimkorogea mrututu kwenye maji, ncha ya kijiko cha chai, asubuhi na jioni, kwa siku sita.

Ferista alipanda ndege ya kesho yake asubuhi kwenda Mbeya, alikolazwa Rozi. Daktari, mwanamke mtaratibu aliyewahi kumsikia kwenye ile sauti ya redio, alimweleza bila kumlaumu. Wamemsafisha damu kwa mashine, Rozi ataishi. Lakini figo zake zimeharibika, na mtu mwenye figo kama hizo haiwezekani tena kumwekea dripu ya platini. Ferista alilijua hilo kabla daktari hajamaliza sentensi. Alikuwa akiwafundisha hilo wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Alimkuta Samwel nje, amekaa kwenye benchi, kofia magotini. Alikaa kando yake.

"Kaka, ulinipigia," alisema. "Nikakwambia nitakupigia."

Samwel aliigeuza kofia. "Mimi ndiye niliyekoroga," alisema.

Rozi alirudi Iyula akaishi miezi mitano. Ferista alikwenda mara tatu, akampelekea dawa za maumivu, akamkanda miguu iliyovimba. Safari ya mwisho Rozi alimwuliza kama kweli ile dawa haipo. Ferista akasema haipo, wifi. Rozi akamtazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Ferista hakujua kama aliaminiwa.

Jumapili baada ya matanga aliomba nafasi kanisani. Alisimama mbele akaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyiha, kwamba mrututu ni sumu, kwamba dawa yake haijawa dawa, kwamba Rozi aliugua figo kwa sababu hakuelezwa mapema, na wa kumweleza alikuwa yeye. Nje, kijana mmoja aliyetoka kule Mpemba, karibu na Tunduma, alimngoja na vyeti vya hospitali vya mama yake kwenye mfuko wa plastiki. Akamwambia kwa adabu kwamba anaelewa hawezi kuitoa dawa hadharani, ila yeye atatunza siri. Ferista alimweleza upya, akamwandikia jina la daktari wa Mbeya. Kijana akakunja karatasi, akashukuru, akaondoka kama mtu aliyenyimwa.

Mwaka huo Ferista aliujaribu mchanganyiko wa ishirini na saba kwenye seli za figo, jambo alilokuwa akiliahirisha. Uliziua zote. Akaandika matokeo hayo yalivyo, yakachapishwa, na ufadhili wake haukuongezwa. Bado anafundisha. Ameanza mchanganyiko wa arobaini na mbili akiwa na mwanafunzi mmoja tu.

Samwel humpigia kila Jumamosi. Humweleza mvua, mahindi, Imelda alivyopata mchumba kule Itaka. Hajawahi kupandisha sauti. Ila zamani, kila mazungumzo yalipoisha, alimwuliza maabara inaendeleaje. Sasa haulizi.