Kisu Kisichopotea

Kaka yangu alikuwa ameshapoteza visu viwili katika mto Mbwemkuru, na vyote niliviunda mimi. Alikuwa mvuvi wa kambale. Kiangazi, mto ulipokatika na kubaki madimbwi, alitega kamba ndefu yenye ndoana nyingi, kisha akaingia majini hadi kifuani kuikagua. Kisu kilikuwa cha kuikatia kamba hiyo ikimnasa.

"Nitengenezee kisichopotea," aliniambia. "Au kule kwenye karanga ulijifunza kupaka grisi tu?"

Utani huo ulinichoma. Ni kweli nilipaka grisi matrekta Nachingwea mpaka mradi wa karanga ulipokufa, lakini mikono yangu nilikuwa naijua. Nikachukua kipande cha springi ya lori bovu, nikakifua siku mbili, nikakizamisha kikiwa chekundu kwenye oili chafu, nikakinoa hadi kikanyoa malaika ya mkono. Mpini niliuchonga kwa mpingo. Ala niliishona kwa ngozi ya pongo. Halafu, kwa kiburi tu, nikaongeza kitu ambacho sikuombwa: ukanda mwembamba wa ngozi ileile, wa kufungia mpini usichomoke. Niliujaribu uani mara kumi, na kila mara fundo lilifunguka kwa mvuto mmoja. Uani palikuwa pakavu.

Kwetu mtu hapewi kisu mkononi, huleta uadui. Unakiweka chini, mwenzako anaokota. Nilikiweka chini, kaka akaokota, akajifunga kiunoni.

"Hiki hata mamba haninyang'anyi," alisema.

Mwezi haukuisha. Alizama katika dimbwi la maji ya kifua, kamba imemzonga miguu yote miwili. Mimi na majirani wawili ndio tuliomtoa. Kisu kilikuwa kiunoni, ndani ya ala, kimefungwa. Ngozi ilikuwa imelowa na fundo limejikaza, na kwenye ukanda palikuwa na alama za kucha. Nilijaribu kulifungua mwenyewe, nimekaa nchi kavu, kwa mikono miwili. Nilishindwa.

Msibani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, nami nikaitikia. Nilimwekea mjane mkekani nguo na kisu cha mumewe bila kusema neno juu ya ukanda. Niliona aibu zaidi kuliko uchungu, na kwa hilo mpaka leo sijajisamehe.

Alipomaliza eda, shemeji alikuja nyumbani kwangu. Alikitoa kile kisu ndani ya khanga, fundo bado lilelile. Nikamwonyesha mkekani akiweke.

"Alama za kucha niliziona, shemeji," alisema. "Nilikuwa nakungoja uniambie."

Akanishika mkono, akanifungua vidole kimoja kimoja, akakiweka kisu kiganjani mwangu.