Krem Karameli kwa Wageni wa Mitwaba

Miaka ile ya Zaire, baba yangu alikuwa na desturi moja ya Jumapili. Baada ya misa tulikula bukari, ugali wetu, nyumbani, tukashiba hasa, kisha tukavaa vizuri kwenda bustani ya wanyama. Tuliwatazama simba, ambao kwa wembamba wao walionekana kututazama sisi kwa makini zaidi, halafu tukaketi katika mgahawa wa mle bustanini. Hapo baba aliagiza deseri tu, kitamutamu cha baada ya mlo.

Hakuwa bahili. Alikuwa na hoja zake, zimepangwa vizuri. Nyama, mama aliipika kuliko wao. Viazi ni viazi. Bukari haikuwamo kwenye karatasi yao ya vyakula, kwa hiyo chakula hakikuwamo. Kilichobaki ni krem karameli, ile ya mayai na maziwa inayotetemeka sahanini, ambayo hakuna jiko la mtaani kwetu lililoiweza. Mhudumu alikwisha kutuzoea.

"Citoyen Deseri," alimwambia baba, maana siku zile kila mwanamume aliitwa Citoyen, mwananchi, "leo pia hamutakula?"

"Tulishakula," baba alijibu, shingo imenyooka ndani ya abakosti, koti la heshima la siku zile. "Leta deseri."

Basi dada yetu mkubwa alipopata mchumba, na ndugu za mchumba wakateremka kutoka Mitwaba, mbali huko milimani, kuja kuzungumza posa, baba aliamua kuwapa heshima kubwa kuliko zote alizozijua: deseri ya mgahawa ule. Mama alijaribu kumzuia.

"Bantu banatoka Mitwaba, utabapatia kitu inatetemeka?"

"Bukari banakulaka kwabo kila siku."

Walikuja wanne: mchumba, baba zake wadogo wawili, na shangazi yake. Kwa jinsi wanaume walivyongoja aketi kwanza, nilielewa kwamba mwamuzi ni yeye. Sisi tulikuwa tumekula saa sita kama kawaida, tusije tukaonekana walafi. Wao hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu asubuhi, wasije wakaacha chakula cha wakwe sahanini.

Krem karameli zikaja. Shangazi aliitazama yake ikitetemeka mpaka ikatulia.

"Na bukari?"

"Hapa tunakulaka deseri tu, mama," baba alisema kwa fahari.

"Wee muzee! Kwetu muntu wa kubembelezwa na sukari ni mutoto, asilie kama mama yake anaenda soko. Kama munakatala, museme. Mutoto wetu hatalia."

Baba alidhani ni mzaha, akacheka. Alicheka peke yake. Shangazi akasimama, akafunga upya kitenge chake, na baba wadogo wakaanza kutafuta kofia zao.

Dada hakutakiwa kusema neno siku ile. Binti anayezungumziwa hukaa kimya. Basi hakusema. Aliinuka, akapita kati ya meza, akaingia jikoni. Nilimfuata. Wapishi walikuwa wamekaa uani nyuma, karibu kuanza chakula chao wenyewe: bukari ya moto, mchicha wa lengalenga na samaki wakavu. Huko alisema, haraka haraka, na mpishi mkubwa akapiga paja lake.

"Ndoa ife juu ya bukari? Yaya, baite bageni bakule!"

Mhudumu alikataa kabisa bukari ipelekwe mbele, kwenye vitambaa vyeupe. Kwa hiyo wageni ndio waliokwenda nyuma. Dada alimnawisha shangazi mikono, akamkalisha juu ya kreti ya bia. Walikula, harufu ya simba ikija na upepo.

Baba alibaki mezani na mama. Alikuwa na hakika kwamba posa imevunjika, na kwa kuwa kuacha deseri ni aibu, alikula zile za wageni moja baada ya nyingine, uso umekunjamana. Mama hakumsaidia.

Tulipomwita, alikuja polepole kama mtu aliyeitwa kituoni. Shangazi alisogea kidogo kwenye kreti yake.

"Mukwe, ikala. Bukari inapoa. Kisha tutaongea."

Aliposikia neno mukwe, dada aligeuka akajifanya anatafuta maji. Baba alipandisha mikono ya abakosti, akamega tonge. Alikuwa ameshiba tangu saa sita, na juu yake sukari ya watu wanne. Shangazi hakumwondolea macho. Baba akamega jingine, na jingine tena, huku wapishi, ambao chakula chao ndicho kilichokuwa kinakwisha, wakimpigia makofi:

"Kaza, Citoyen! Mutoto anaolewa!"