Siku Niliyomnasa Athumani

Harufu ya maranda yaliyolowa jasho hunirudisha Mtaa wa Msimbazi, hata nikipita karakana ya seremala na haraka zangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, enzi zile za foleni za sukari. Nyuma ya ghala moja Mwalimu Tindwa, kuli wa bandarini aliyefundishwa judo na mabaharia, alitushonea sisi watoto wa mtaa mkeka wa magunia, akaujaza maranda. Ukibwagwa hapo, unapiga chafya hadi kesho yake.

Sheria zake zilikuwa chache. Unakata kucha. Unainama kabla hujamshika mwenzako. Na mwenzako akikupiga vibao viwili, popote, ndiyo ishara kwamba ameshindwa; unamwachia hapo hapo.

"Mkono huo amekuamini nao," alikuwa akisema. "Haujawa wako."

Athumani, rafiki yangu wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote. Nilimuiga, na kila siku alinibwaga, mpaka Mwalimu akaniambia, "Achana na mtindo wake. Yeye ana mabega, wewe una miguu mirefu. Tafuta wako."

Nikautafuta. Nilijilaza chali kama niliyeshindwa, kisha nikaunasa mkono wa mtu kati ya mapaja na kuunyoosha. Wakanicheka, wakaniita Kupe. Baada ya miezi miwili hakuna aliyecheka.

Jumamosi moja vijana wakubwa wa mtaani walikuja kututazama. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nikamnasa Athumani. Alinipiga pajani vibao viwili. Nilivisikia, ila nilitaka wale wote waone. Akapiga cha tatu, akapiga cha nne. Kisha kiwiko kikalia, mlio mdogo tu. Hakupiga kelele. Aliukumbatia mkono wake, midomo imempauka.

"Alipiga?" Mwalimu akaniuliza.

Sijafumbua mdomo, Athumani akasema, "Nilichelewa, Mwalimu. Kosa langu."

Nikanyamaza.

Mkono ule haukunyooka tena. Wiki mbili alikuja kukaa ukutani akitutazama, halafu hakuja. Mimi niliendelea, ila kila niliponasa mkono wa mtu niliuachia mapema mno. Mwalimu alinisifu kuwa nina adabu.

Tulikutana tena ukubwani, sokoni Mchikichini, akiuza viatu vya mitumba. Alifunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto na meno. Tulijuliana hali, tukaulizana watoto. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Siku ile hukunisikia, sivyo?"

"Sikusikia," nikasema.

"Nilijua," akajibu, na uso wake ukalegea.

Miaka yote nilidhani alidanganya ili nisifukuzwe. Pale mbele ya viatu vyake ndipo nilipoelewa kwamba alidanganya kwa ajili yake mwenyewe: angeweza kuishi na mkono mbovu, lakini si na rafiki aliyemsikia.