Mahali pa Nguzo, Lusu

"Kaiba dhahabu huko Urusi, ndiyo maana wamemrudisha," Bi Swaumu aliniambia kisimani. "Mtu kasoma nje, anakuja Tabora kukamua asali? Na kwao hakanyagi. Ana nini?"

Nilijitwika ndoo yangu, nikaenda zangu. Kaka Kornel, huyo aliyekuwa akimsema, alipanga chumba kilichopakana na changu. Jioni alirudi kutoka ushirika wa asali, mikono ikinuka nta, akanisalimia, akajifungia.

Mimi nami ni wa Lusu, na mama yake, Benedikta, namfahamu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, aliomba kiwanja kando ya barabara, mbali na kisima, kwa kuwa mwanawe angeleta umeme, na nguzo hufuata barabara. Mbele ya nyumba kaacha kipande kitupu, mahali pa kusimamisha nguzo. Watu humtania: "Mama Nguzo, taa imewaka?" Hucheka, akajitwika mtungi wake.

Jumamosi moja Kornel aliniona nafunga mzigo.

"Unakwenda kwetu?"

"Kesho. Wazee hawajamwona mjukuu wao, Eustadia. Twende wote, kaka."

Akakaa kizingitini, uso kaugeuzia uani.

"Umeme ukipita kwenye waya, mwingine unapotea kwa joto," alisema. "Lakini kuna madini, ukiyaminya kwa nguvu kubwa mno na kuyatia baridi kali, haupotei hata kidogo. Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya. Siku moja kipimo changu cha umeme unaopotea kikashuka mpaka sifuri. Nilipiga kelele, mama Eustadia! Mwalimu akanikumbatia. Mwenzangu alikuwa anarudi likizo, nikamtuma kwa mama: mwambie nimepata umeme usiopotea."

"Naye akaelewa unakuja nao."

"Ndiyo. Kumbe kule kuminya kulikuwa kumezisogeza nyaya zangu za kupimia, zikagusana. Ile sifuri ilikuwa ya uongo. Na mwalimu alikwisha kuitangaza mbele ya wenzake." Akasugua viganja. "Hakunigombeza. Alitazama chini tu. Afadhali angenipiga. Hakuna aliyenifukuza, niliondoka mwenyewe. Sikuweza kuingia tena mle ndani."

Kumbe hakuna dhahabu. Nilitamani kumwambia jambo la kumpoza, lakini nilikuwa na moja tu, nalo lilikuwa chungu.

"Mama yako anateka maji kulekule mbali. Mgongo umeanza kumwuma."

Akajifunika uso kwa mkono mmoja. Eustadia akatambaa, akashika kidole cha mkono wa pili na kukinyonya, pengine kilikuwa bado na utamu wa asali. Hakukivuta.

"Na kile kipande? Hajakilima?"

"Hata mchicha hajapanda. Anafagia tu."

"Anafagia," alirudia.

Alikaa hivyo mpaka mtoto akakichoka kidole. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akanitazama usoni.

"Basi nakuomba. Mwambie apande mihogo pale. Akiuliza nani kasema, usinifiche. Sema ni mimi."