Siku Tuliongea na Kinga Tu

Bajukuu yangu ba kike banapandaka pikipiki leo, banakamata bwana yao kiunoni, banacheka na meno yote inje. Mimi siku nilipanda kinga, baiskeli tu, mara ya kwanza, nilikamata chuma ya chini ya kiti mupaka vidole ikakufa ganzi. Sababu ule mwenye alinibeba hakukuwa bwana yangu. Alikuwa baba mukwe.

Nilikuwa bibi-arusi ya juzi tu, kule Bagira. Bwana yangu alikuwa ameenda kutafuta kazi mu mashamba ya pamba, Luvungi, chini mu bonde ya Ruzizi. Asubui moja dereva ya kamiyo, lori ya pamba, akapita kutuletea habari. Sauti yake ilikuwa kama mbuzi mwenye amesongwa na kamba: "Mamaa, kijana yenu iko na homaa mubaya. Anaongea na batu benye hakuna. Kama munataka kumukuta, muende leo." Nikamuomba aturudishe na kamiyo. "Na esansi gani, mamaa? Petroli imeisha, mimi mwenyewe nimefika na harufu yake tu."

Ilibakia kinga ya baba mukwe. Sasa musikilize shida. Kwetu Bashi, muke ya mutoto na baba mukwe banaogopana. Kugusana, hapana. Kutazamana uso, hapana. Kula ao kunywa mbele ya mwenzako, hapana kabisa. Hata kuongea. Na ule muzee alikuwa mutu ya misa asubui, mutu ya mila siku yote.

Akaleta kinga mbele ya mulango, akanipa mugongo, akakohoa. Sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma yenye imenyeshewa: "Wewe kinga, uambie ule wa nyuma akae muzuri. Ku muteremuko ya Ngomo hakuna muchezo."

Na mimi nikasema: "Kinga, umujibu kwamba nimeshakaa."

Njo vile tulienda. Ku milima haikukuwa mubaya. Kiu ikimushika, alikuwa anaingia mu migomba na bidoni ya maji, nasikia koo yake inafanya gudu gudu, anatoka, anaiweka chini. Mimi naiokota, naingia mu migomba ya upande ingine. Hakuna mwenye ameona mwenzake. Ku Ngomo tulishuka na miguu, yeye anavutana na kinga kama ngombe mwenye hataki kuenda ku soko.

Chini, ku Kamanyola, kulikuwa bariere, kizuizi ya barabara. Soda mumoja, askari wa kulinda pale, alikuwa amekaa ku kivuli, kofia ku magoti, anaongea Lingala yake ya kuvuta mu pua: "Mobange, mwasi na yo? Muke yako huyu? Muzee, ungali na nguvu." Baba mukwe akatazama chini. Nikaona shingo yake imekuwa nyeusi na haya. Akasema, "Kinga, tuendelee." Soda akacheka: "Ee, muzee iko anaongea na velo." Akafungua.

Kisha ile bonde. Mumeshafika kule saa ya jua? Hewa inatoka chini kama mulango ya tanuru. Na migomba hakuna tena. Pamba tu, ya kufika ku magoti, huku pamba, huku pamba. Utajificha wapi? Bidoni ilikuwa ku mapaja yangu, maji inalia ndani. Muzee hakuomba.

Nikasema, "Kinga, umuambie asimame anywe. Nitafunga macho."

"Kinga inasema macho yenye kufungwa inaonaka tu."

Shati yake ilikuwa imelowana na jasho. Halafu ikakauka, na jua ilikuwa ingali juu. Ile njo ilinitia woga. Nilikuwa nimetoka Bagira na kuogopa kifo moja, ile ya mbele. Sasa nikaogopa mbili. Nikaita kinga tena, kinga haikujibu. Mipira ya kinga ikaanza kutafuta barabara kama mulevi, kisha tukaenda sote mu mufereji.

Mimi nikasimama. Yeye hakusimama. Midomo ilikuwa nyeupe, macho inatazama jua bila kufunga. Nikawaza: mila ikivunjika, wakubwa batakata mbuzi, itaisha. Lakini nitafika mbele ya bwana yangu nimuambie nini? Kwamba baba yako amekufa na kiu, na maji ilikuwa ku mapaja yangu?

Nikavua kikwembe ya juu, kitenge yangu, nikamufunika kichwa yote. Nikaingiza mukono na bidoni chini ya kitambaa, natafuta kinywa, huku natazama milima ya ngambo ya muto. Maji ya kwanza iliingia mu pua. Akapiga chafya. Kisha sauti kidogo sana ikatoka mu kikwembe: "Kinga… pole pole."

Nilimuinua, nikamukalisha nyuma, nikamufunga ku kiti na ile kikwembe. Alikuwa mwepesi, mifupa na rozari. Nikasukuma. Pedale ilinipiga ku muguu mupaka Luvungi.

Bwana yangu alikuwa amelala ku mukeka, macho ya manjano. Hakuniuliza nimefika namna gani. Alitazama baba yake, akatazama kikwembe, akasema: "Umemugusa baba?"

Bibi-arusi mwenye kugusa baba mukwe anaweza kurudishwa kwao na nguo yenye amevaa. Na mimi hata nguo haikukuwa yote.

Muzee akaegemea ku ukuta, akanipa mugongo vile vile. "Kinga," akasema, "uambie huyu mugonjwa kwamba njiani sikuona muke hata mumoja. Ni wewe tu ulinibeba."

Bwana yangu akatazama kinga, kisha miguu yangu yenye damu, kisha kinga. Akaomba maji. Nikaweka bidoni chini, katikati yao, nikatoka inje, nikageukia barabara. Nikasikiliza. Koo moja ikafanya gudu gudu. Bidoni ikarudi chini. Kisha ile ingine.

Hapo njo nikakaa chini, nikaanza kupangusa damu ku miguu.